Mimba Iliyoitwa Erni

Mucheke sasa mumalize, juu mimi mwenyewe nikikumbuka ile siku ya kanisa haya inanipanda mpaka kwa masikio, na mimi ni mwanamuke mwenye kuuzisha jibini kwa soko ya Masisi, sionake haya upesi.

Kisha kuzaa mutoto wangu wa ine, kitovu yangu ilianza kutoka inje. Kwanza kama ndimu, kisha kama yai ya bata, kisha nikaacha kuifananisha. Nikisimama ao nikikohoa, inatoka. Nikilala chali, inarudia ndani pole pole kama mugeni mwenye heshima. Nilikuwa naifunga na kikwembe na kunyamaza (nilikuwa naogopa kisu ya muganga wa hospitali, njo ukweli).

Sasa asubui moja kwa robine, pale tunachotaka maji, Mama Devota, mukubwa wa wamama wa kanisa yetu, akaangalia tumbo yangu, akanipokonya bidoni ya maji.

"Mama Furaha! Uko na mimba na unabeba maji? Unataka kutuletea matatizo?"

Hapo njo ningesema: hapana mama, si mimba, ni ugonjwa. Lakini bidoni ilikuwa inapanda kilima bila mimi, mikono yangu inacheza bure kama ya bibi ya shefu, na nikanyamaza. Hata nikacheka kidogo. Basi, kosa yote iko pale.

Kisha maziwa ikaanza kufika kwa nyumba, kisha mayai, na kwa kanisa wakanitafutia kiti yenye mugongo, wakati wengine wote wanaikala kwa benchi. Kila siku nilisema kesho nitawaambia, na kila kesho ilikuja na kitu ya kukula.

Mutu mumoja tu sikumuwaza: bwana yangu. Papa Furaha alikuwa Rubaya, anauzishia wachimbaji bote za kuvaa kwa matope, na aliondoka mbele tupande maharagi, tukavuna, tukapanda tena, tukavuna tena, yeye hajarudi, juu barabara ilikuwa mubaya. Hata mwenye hakusoma anaweza kufanya ile hesabu. Na habari ya mimba, hiyo haingojake barabara.

Siku ya Mungu, pasta akaita wamama wenye mimba mbele, awaombee. Mama Devota akanishika mukono. Nikasema mimi nibaki tu, akasema usione haya, mimba ni baraka. Tukasimama pale, tumbo yangu inaonekana kupita ya wote. Kwaya inaimba, Ernest mupiga gita anapiga pole pole, na mulango ukafunguka. Papa Furaha. Matope mpaka kwa magoti.

Pasta, maskini, akafurahi. "Papa Furaha! Mungu amekuleta siku yenyewe! Kuja karibu ya bibi yako!"

Akakuja. Hakupiga kelele, na njo ilikuwa mubaya zaidi. Akaangalia tumbo, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, ya mimi na yeye tu: "Hii mimba ni ya nani?"

Lakini mikro ya pasta, ile ya kukuza sauti, ilikuwa kati yetu, na bafle yenye iko inje inasikilika mpaka kwa soko.

Nikaangalia uso yake, na sikuona hasira, niliona mutu mwenye anataka kulia. Nikaita na sauti yote: "Si mimba! Ni erni!"

(Erni njo jina ile waganga wanaita ngiri, wakati utumbo inapita kwa kitundu ya ukuta wa tumbo na kuvimba inje. Mimi nilijua. Kanisa haikujua.)

"Erni?" Papa Furaha akasema. "Erni njo nani?"

Kanisa yote ikageuka kuangalia Ernest. Gita ikaanguka. "Wapendwa," akasema, mikono juu, "mimi huyu mama sijamugusa hata kwa salamu!" Na bibi yake akatoka kwa mustari ya kwaya, anavua kiatu, na kwa uso yake niliona haikuwa kwa kupumuzisha muguu.

Wamama wakaniingiza kwa chumba ya nyuma, pamoja na bwana yangu, na Mama Jeanne mwenye anatumika kwa kituo cha afya. Nikalala chali kwa benchi, nikafungua kikwembe, Mama Jeanne akasukuma na vidole viwili, na mimba yangu yote ikaingia ndani, gruu, tumbo ikabaki laini.

Mama Devota akashika kichwa. "Na mayai yetu?"

Papa Furaha akaikala chini, akalia, akacheka, akalia tena. "Juu ya nini hukuniambia mimi?" akauliza. Mama Jeanne yeye hakucheka. "Mama, siku moja hii kitu itatoka na itakataa kurudia. Utumbo utafungwa pale, utaoza, na utakufa na haya yako. Muende Goma."

Tukaenda. Nilikuwa nangoja wanipasue kama mbuzi ya sherehe. Muganga, mwanamuke mufupi wa sauti ya pole, akasema hapana, watanilalisha, watatoboa matundu tatu madogo, wajaze tumbo hewa, waingize kamera nyembamba kama kalamu, na kwa ndani waweke wavu ya kufunga ile pahali.

"Wavu ya samaki?"

"Hapana, mama."

Nilipoamuka tumbo ilikuwa inauma kidogo tu, bega njo ilikuwa inalia, nikafikiri walikosea mahali (kumbe ni ile hewa, na inapita).

Munafikiri iliisha? Masisi wakaona nimetoka Goma na tumbo ndogo, hakuna mutoto, na maneno mapya ikaanza, eti nilienda kutoa mimba ya Ernest. Nikawaonyesha wamama wa soko makovu, kila moja kama pahali mbu ameuma, wakaangaliana: "Kwa hii njo walikupasua?" Ningekuwa na kovu moja kubwa ya kutisha, ningeaminika. Ikabidi pasta anipe mikro, nieleze kanisa yote habari ya kitovu yangu, na niombe Ernest musamaha, na bibi yake zaidi.

Tangu pale niliapa: mutu akiniuliza juu ya mwili yangu, namueleza yote, pale pale. Juma iliyopita mama mumoja, mugeni kwa soko, alinunua jibini, akanisalimia tu: "Afya iko namna gani, mama?" Nikaanza na utumbo, nikapita kwa wavu, na mbele nifike kwa bega alikuwa ameisha kwenda, ameacha jibini yake juu ya meza.