Chupa Niliyoimwaga Asubuhi ya Baridi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Kituntu, miaka ya themanini, nikiwa mkamwana mgeni mwenye cheti cha darasa la saba na kichwa kikubwa kuliko cheti chenyewe. Mama mkwe alikuwa na ndama jike mmoja, ameahidi awe wa mtoto niliyembeba tumboni. Ndama akashikwa na kuhara damu. Bwana Mifugo akatuachia chupa ya dawa ya maji, tumnyweshe siku tatu, akaendelea na safari yake ya Kimuli.

Siku ya pili niliamka ukungu umetanda migombani, nikaikuta dawa ina chembe nyeupe kama chumvi, zimetuama chini.

"Mama, dawa imeharibika," nikasema.

Mama mkwe hakujua kusoma hata herufi moja. Aliitazama, akasema, "Iache jua lipande. Hata samli huganda asubuhi, na hatuimwagi."

Nilicheka moyoni. Samli na dawa ya kiwandani, wapi na wapi! Alipokwenda shambani nikaimwaga yote chini ya mgomba, kwa nia njema kabisa, nisimnyweshe ndama sumu.

Bwana Mifugo alirudi siku ya nne, ndama amelala hanyanyuki. Nilipomweleza mbele ya mama mkwe kwamba nimeimwaga dawa, alitoa mkobani chupa nyingine, nayo ina chembe zilezile. Akaomba bakuli la maji ya moto, akaizamisha, akaitikisa polepole mpaka chembe zikayeyuka zote.

"Ilipatwa na baridi tu, binti," akasema. "Maji yakipoa hushindwa kuibeba dawa yote, nyingine huiteremsha chini. Ukiyapasha, huibeba tena."

Tulimnywesha, lakini tulikuwa tumechelewa. Alikufa jioni ile. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilibaki zima, aliyelipa ni ndama. Dada yako akazaliwa hana ng'ombe.

Mama mkwe hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na mimi asubuhi magoti yangu hukakamaa. Utanimwaga?" Nililia sana, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Basi sikia. Dawa ikibadilika sura, usiitumie wala usiimwage, muulize anayeijua. Na kabla hujamcheka asiyesoma, jiulize ameishi na samli miaka mingapi. Maji yakimwagika hayazoleki. Mungu akujalie mikono isiyo na haraka, na akuachie mzee wa kukuambia: ngoja, jua lipande.