Posa Iliyokwama Kwenye Risasi

Mjomba wangu ni mtunza silaha wa kampuni ya ulinzi. Ofisi yake ni chumba kisicho na dirisha, chenye kabati la chuma, kopo la mafuta ya kusafishia na kiti kimoja ambacho mwenyewe habanduki juu yake. Asubuhi huwagawia walinzi bastola, jioni huzipokea na kuzifuta kama mama anayemfuta mwanawe kamasi. Kuzifyatua? Hapo usimuulize.

Lakini mdomo anao. Kwake, risasi ndogo ya maana duniani ni moja tu: ile ya kipimo cha ishirini na mbili. "Nyembamba, ila ina mbio. Inaingia kabla adui hajajua kuwa ameudhi mtu." Ukimtajia ishirini na tano, atakutazama kama umemtukania marehemu.

Basi binti yake, binamu yangu, akapata mchumba, fundi friji mpole asiye na neno na mtu. Neno lilikuwa kwa baba wa huyo fundi. Mzee huyo alistaafu polisi, na ukimsikiliza utadhani majambazi wote aliwakamata yeye. Kumbe alikuwa kikosi cha bendi, kwenye tarumbeta.

Siku ya posa, chai haijapoa, mambo yakaharibika.

"Mkwe, hiyo ishirini na mbili yako hugongwa na pini ya bastola ukingoni mwa kitako," mzee akasema. "Siku ikiamka vibaya, inagoma. Ishirini na tano hugongwa katikati. Haina kisirani."

"Haigomi, sawa. Inafika?" mjomba akajibu. "Baruti yenyewe kiduchu! Hiyo ni ya kumwamshia mwizi, siyo ya kumzuia."

"Kwani wewe umempiga mwizi gani?"

"Na wewe ulimpulizia yupi?"

Mama wa mchumba akafunga mkoba wake, tayari kuondoka. Binamu akatoka jikoni mwiko mkononi: "Baba, naolewa na mtu au na risasi?"

Wazee walikuwa tayari wanapanga kwenda uwanja wa shabaha Jumamosi. Risasi itakayozama zaidi ndiyo mshindi, na aliyeshindwa aombe radhi mbele ya ukoo wote, la sivyo hakuna ndoa.

"Basi nimekwisha," binamu akaninong'oneza. "Tangu nizaliwe sijamsikia baba akisema samahani, hata kwa mtu aliyemkanyaga. Na yule wa tarumbeta ndiyo kabisa. Ashinde nani, mimi nabaki hapa."

Akanituma niwe shahidi.

Uwanjani wakapanga miche ya sabuni ya kufulia, ili ikatwe baadaye na kupimwa risasi imezama wapi. Mwalimu wa shabaha, mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni, akawapa bastola mbili.

Mjomba akaanza. Akafumba macho yote mawili. Pa! Sabuni ikatulia. Mzee naye akajaza mashavu upepo, mazoea hayo, akafyatua. Vumbi likaruka kwenye tuta, mbali kule. Pa! Pa! Wakamaliza risasi zote. Mwalimu akawajazia nyingine, akawasogeza karibu, wakakosa upya. Wakasogezwa tena, mpaka nikahofia watapewa sabuni mkononi.

Mwalimu akaenda akaigeuzageuza ile miche, akitafuta tundu.

"Wazee wangu, hii bado mnaweza kuogea. Tatizo si risasi."

Akacheka. Hapo ndipo alipokosea.

Wazee wakatazamana.

"Umesikia anavyotusemesha, mkwe?"

"Nimesikia, mkwe. Na meza yake ya sabuni imepinda."

"Niliiona tangu tunaingia! Nikasema ninyamaze, nisionekane mchokozi."

Wakatoka wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Simu yangu ikalia.

"Nani ameshinda?" binamu akauliza.

"Hakuna."

"Nani ameomba radhi?"

"Bado. Wanamsubiri mwalimu awaombe wao."

"Na mimi je?"

Nikachungulia. Walikuwa wamesimama kando ya ua, mzee anaonyesha kwa kiganja jinsi meza ilivyolala upande, mjomba anataja tarehe ya harusi, na kila mmoja anaitikia la mwenzake.

"Unaolewa," nikamwambia. "Ila mwalimu hajaalikwa."