Keki ya Mama na Salamu za Shangazi

Juzi mwanangu aliniletea oveni ya umeme yenye mlango wa kioo. Wajukuu wakachuchumaa mbele yake kama wanatazama mpira, keki inapanda, wao wanashangilia. Nikacheka peke yangu. Keki ya kwanza niliyoilinda mimi, kuichungulia tu ilikuwa kosa.

Ilikuwa hapa hapa Tunduma, miaka ile ya foleni, sukari ikiwa adimu kuliko mgeni kutoka Ulaya. Nilikuwa na miaka kumi, na sifa yangu mtaani ilikuwa moja: sitoki. Wenzangu wakiruka kamba, mimi niko jikoni najikunja kama paka. Kaka zangu walisema nitaolewa na jiko. Hawakukosea sana.

Basi shangazi, dada yake baba aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, akatuma salamu kwamba Jumamosi anakuja. Tulimpenda, lakini alikuwa na mdomo. Kila akija alibeba mkate wa dukani wa kwao, anauweka mezani taratibu. "Kuleni, wanangu. Najua huku mnashiba matangazo ya redio." Baba alicheka. Mama alitabasamu kwa midomo tu.

Safari hii mama akaapa kwamba atamnyamazisha kwa keki. Vikombe viwili vya sukari alikuwa amevificha kwenye kopo la chumvi, sisi tusivijue. Mayai manane ya kienyeji. Unga ukachekechwa mara tatu. Hamira ya keki haikuwepo, kwa hiyo kupanda kote kulitegemea mkono: mayai na sukari vikapigwa kwa uma, upande mmoja tu, mpaka povu likawa jeupe na zito. Tulipokezana, mkono wangu ulikaa na ganzi mpaka Jumatatu. Ganda la ndimu likakwaruzwa, unga ukachanganywa polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Sufuria likawekwa ndani ya sufuria kubwa lenye mchanga, kisha mfuniko, makaa machache chini, mengi juu.

Hapo jirani akapita mbio: sabuni imefika dukani! Mama akajifunga khanga. "Usifunue. Hata malaika akikuambia funua, usifunue. Ikipigwa na baridi inakaa chini, na sukari nyingine hatuna."

Malaika hakuja. Alikuja shangazi, mapema.

Alinusa tangu mlangoni. "Wifi anapika nini? Hebu nione." Akachukua kitambaa, mkono huo kwenye mfuniko. Sasa mtoto umwambie shangazi hapana? Kwetu heri umrushie jiwe. Nikapiga magoti kati yake na jiko, nikapiga makofi ya salamu.

Mtoto akisalimia hivyo, mkubwa hamruki. Anasimama, anaitikia mpaka mwisho. Nami nikaamua mwisho uwe mbali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Nikamuulizia mumewe, watoto mmoja mmoja, mama mkwe wake, majirani wa kulia, majirani wa kushoto. Nikafika zizini.

"Na yule ng'ombe wa pembe moja hajambo?"

"Alikufa mwaka juzi. Na nyama yake ulikula."

"Pole sana, shangazi." Makofi tena. "Na ndama wake?"

"We mtoto! Hata pale mpakani hawanihoji hivi!"

Nilikuwa nimeanza kuulizia kuku mama alipoingia na sabuni yake. Akaondoa makaa, akafunua. Keki ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, rangi ya asali, katikati haina bonde hata la kidole. Shangazi akala kipande kizima bila neno, na kwake hiyo ilikuwa habari ya kutangazwa. Kisha akasema, "Wifi, nifungie kingine. Wa kwetu hawataniamini."

Akanigeukia. "Ulidhani sijui? Nilishtuka kwenye ndama. Nikasema ngoja nione magoti yako yatafika wapi."

Jiko lile sasa ni maegesho ya malori. Shangazi hayupo, mama hayupo, na salamu siku hizi mtu anauliza huku keshapita, jibu utajua mwenyewe pa kulipeleka. Lakini mpaka anazeeka, mtu akimsifia mama ile keki, alininyooshea kidole mbele ya wageni, hata mbele ya kaka zangu.

"Mimi niliikoroga tu," alisema. "Aliyeiivisha ni huyu hapa."