Mifupa Kumi na Sita

Mke wangu hupika kuku akiwa hayupo nyumbani. Nikiwaambia watu hivyo hudhani nawatania, lakini ndivyo ilivyo. Saa kumi na moja alfajiri, kabla hajaenda kiwandani, huchukua mapaja manane ya kuku, ile sehemu ya chini ya goti, huyachuna ngozi na kuyapanga ndani ya sufuria ya umeme inayopika polepole. Juu yake hutupia vitunguu, karoti, nyanya mbili, punje za kitunguu saumu na nusu kikombe cha maji. Hufunika, huwasha moto mdogo, kisha hunigeukia.

"Fundi, usifunue. Kila ukifunua unaiibia nusu saa."

Mimi ni fundi viatu na kazi yangu naifanyia sebuleni, kwa hiyo adhabu ya kunusa sufuria ile kutwa nzima ni yangu peke yangu. Tumeipa jina, tunaiita Mzee Taratibu. Jioni mke wangu anarudi miguu imemvimba, anakuta chakula kiko tayari, na nyama imelainika hadi unaivuta kwa kijiko tu. Wapo wanaotushauri tununue nyama isiyo na mfupa ili tupunguze usumbufu. Mke wangu hataki hata kuwasikia. Anasema nyama bila mfupa ikikaa motoni kwa saa kumi na mbili hukauka ikawa kama kamba, na mchuzi wake huwa maji ya kunawia.

Lakini mfupa nao una mambo yake. Paja la chini lina mifupa miwili: mmoja mnene, ambao hata kipofu ataugundua, na mwingine mwembamba umelala ubavuni mwake, una ncha. Nyama ikiiva sana, ule mwembamba huachia ukajificha ndani ya mnofu. Katika nyumba nyingine hilo si tatizo, mtu hutema akaendelea. Kwetu ni tatizo kubwa, kwa sababu tunaishi na mama yangu.

Mama alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Upande wake wa kushoto ulilala, maneno yakampotea, na kumeza kukawa kazi ya kufundishwa upya; tangu hapo nyama yake husagwa kwanza. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kitu kikimkwama huyu, mna dakika chache tu.

Hapo ndipo kazi ya mke wangu ilipoingia jikoni. Yeye ni mtunza sindano katika kiwanda cha kushona sare, na wenzake humwita Bibi Sindano. Cherehani ikivunja sindano, mashine inasimamishwa na vipande vyote vinatafutwa, kisha vinabandikwa kwenye karatasi kimoja kimoja mpaka sindano ikamilike. Ncha ikikosekana, nguo haitoki. Meneja apige kelele, gari lisubiri nje, haitoki. Basi kuku wetu naye alipata sheria hiyo hiyo. Jioni mke wangu hutoa mapaja, huchambua nyama kwa vidole, na mifupa huipanga kwenye sinia jeupe miwili miwili, mnene na mwembamba wake. Mapaja manane, mifupa kumi na sita. Isipotimia, hakuna anayekula. Mwanzoni nilimcheka. Nilimwambia hata polisi hawahesabu maiti kwa makini hivyo. Hakucheka, akaendelea kuhesabu.

Sasa, siku ninayotaka kuisimulia ni ile aliyokuja kaka yangu.

Kaka ni mkuu wa shule, na sauti yake haijui tofauti ya sebule na uwanja wa gwaride. Alipiga simu wiki moja kabla akasema anakuja kumchukua Mama akaishi kwake, mji wa mbali. Amesikia Mama amekonda. Amesikia analishwa uji kama mtoto mchanga. Kwake watamwekea msichana wa kazi. Nilimwambia sawa, Kaka, njoo tuzungumze. Mke wangu aliposikia hiyo "sawa" yangu aliacha kufua.

"Msichana wa kazi atajua kumkalisha wima? Atajua kwamba shavu lake la kushoto halina hisia, chakula kinabaki humo yeye hajui?" aliniuliza. "Mama akienda kule, Fundi, hamalizi mwaka. Na wewe unalijua hilo."

Nililijua. Ila Kaka ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki, na tangu utotoni sijawahi kumpinga usoni. Nilijiambia nitazungumza naye akifika.

Alifika mchana. Nguo za Mama akazipakia mwenyewe kwenye mabegi mawili na kuyasimamisha mlangoni, safari ni kesho asubuhi. Mimi nikainama kwenye kisigino cha kiatu nikapiga misumari ambayo hakikuihitaji. Mama alikuwa kwenye kiti chake mezani, akiyatazama yale mabegi. Saa kumi na moja na nusu mke wangu aliingia, akamwamkia Kaka kwa heshima zote, akamshika Mama bega, akaizima sufuria, akaenda kuoga ili atoe vumbi la kiwandani.

Maji yalipoanza kumwagika bafuni, Kaka aliinuka akaenda jikoni. Nilisikia mfuniko. Akarudi na kijiko kimejaa mnofu unaotoa moshi, akaupuliza, akaupeleka kinywani mwa Mama.

"Kula nyama, Mama. Wewe si mtoto."

Macho ya Mama yaling'aa, sitadanganya. Alitafuna. Kaka akamfuta kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe, na machozi yalikuwa yanamlenga. Ningesema nini? Ningemwambia mtu mzima aache kumlisha mama yake? Nikarudi kwenye kisigino changu.

Mke wangu akatoka bafuni, akaanza kuchambua. Tulikaa mezani tukisikiliza mifupa inavyogonga sinia. Kisha mlio ukakoma. Niliusikia mkono wake ukirudi mwanzo, akihesabu kwa mara ya pili, kisha ya tatu.

Akatokea mlangoni na sinia mkononi.

"Kumi na tano," alisema. "Mwembamba mmoja haupo."

Kaka akaangua kicheko. "Shemeji, tumekuja kula au kufanya mtihani wa hesabu?"

"Hakuna kula, Shemeji, mpaka upatikane. Nani amefunua sufuria?"

Kaka aliyatazama yale mabegi, kisha akamtazama yeye. Nadhani aliona kwamba akikubali, atakuwa ameshindwa mbele ya mke wa mdogo wake.

"Mimi sijagusa kitu," akasema.

Mke wangu akanigeukia mimi. "Fundi, na wewe?"

Ilikuwa nafasi ya kusema maneno matatu tu. Kaka alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka tisa. Nikajipa moyo kwamba Mama ametafuna vizuri, kwamba mfupa utakuwa chini ya karoti, kwamba utaonekana tu bila mtu kuaibika.

"Sijui," nilisema.

Aliniamini. Akarudi jikoni, akamimina mchuzi wote kwenye chujio, akaponda karoti moja moja kwa uma, akapapasa sakafu, akamwaga ndoo ya taka juu ya gazeti. Dakika zilikwenda. Mama akaanza kugonga meza kwa mkono wake wa kulia, taratibu, ta, ta, ta.

"Unaona?" Kaka alipaza sauti ili asikike jikoni. "Mama ana njaa! Mtu mzima anagonga meza kuomba chakula nyumbani kwa mwanawe! Ndiyo maana amekonda!"

Mama aligonga kwa nguvu zaidi. Nikamtazama. Hakuwa anatazama jikoni. Alikuwa ananitazama mimi, na jicho lake la kulia lilikuwa limejaa maji. Midomo ilikuwa imefumbwa kwa nguvu. Nikaelewa kwamba mama yangu hagongi kwa ajili ya chakula, anagonga kwa sababu ana kitu kinywani na anaogopa kukimeza. Na alikuwa amenichagua mimi nimsemee.

Hata hapo, Mungu anisamehe, nilimtazama kwanza Kaka.

Kisha Mama akakohoa. Kikohozi kikakatikia katikati, mkono ukaacha meza ukaenda shingoni.

"Kaka amempa nyama!" nilipiga kelele. "Amempa kwa kijiko!"

Sikuwahi kumwona mke wangu akikimbia namna ile. Alimwinamisha Mama mbele, akampiga mgongoni kwa kiganja mara moja, mbili, tatu. "Taa! Leta taa!" Nikamulika kwa simu. Alimfungua kinywa akachungulia, akasogeza kichwa changu kando kwa kiwiko, akachungulia tena. Kisha akaingiza kidole upande wa kushoto, si kwa pupa, akakipitisha ndani ya shavu kutoka nyuma kuja mbele. Kilitoka bonge la nyama lililotafunwa upande mmoja tu, na katikati yake mfupa mwembamba umechomoza ncha. Damu kidogo ikafuata. Mama akavuta pumzi ndefu yenye mkoromo, akaanza kulia kwa sauti kama binti mdogo, na mke wangu akamkumbatia kichwa akimwambia basi Mama, basi, umekwishatoka.

Kaka alikuwa amesimama ukutani. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alitaka kumsogelea Mama, akasita, akakaa kwenye kigoda changu cha kushonea viatu, mtu mzito vile, akajifunika uso.

"Nilitaka tu ale vizuri," alisema. "Nilitaka tu ale vizuri mara moja."

Mke wangu hakumjibu vibaya. Alimwambia, "Najua, Shemeji," na ndivyo alivyomaanisha. Alimsafisha Mama, akamkalisha wima, akasaga nyama ikawa laini na kumlisha nusu bakuli, akisubiri kila tonge lishuke. Kaka alitazama kuanzia kijiko cha kwanza hadi cha mwisho. Ilichukua dakika arobaini. Akainuka, akachukua yale mabegi mlangoni, akayarudisha chumbani kwa Mama yeye mwenyewe. Nilimsikia akifungua kabati, akitundika nguo moja baada ya nyingine. Asubuhi aliondoka peke yake, akambusu Mama kwenye paji la uso, akampa mke wangu mkono kwa mikono yake miwili.

Mtu angesema basi, mambo yameisha vizuri. Mama yuko kwetu, na Mwenyezi Mungu akipenda atakuwa nasi miaka mingi. Ndicho alichokipigania mke wangu na amekipata.

Gari la Kaka lilipopinda kona, tulibaki wawili kibarazani. Mke wangu alikuwa tayari amevaa sare yake ya kazini. Hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea.

"Ulimwona akimlisha?"

"Nilimwona."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeandika jambo asilisahau, akaenda kazini. Tangu Mama augue tulikuwa tunapokezana kumlisha, mchana mimi, jioni yeye. Siku hizi mke wangu hutoka kiwandani wakati wa mapumziko ya mchana, anatembea nusu saa juani hadi nyumbani, anamlisha Mama mwenyewe, kisha anatembea nusu saa kurudi. Nimemwambia asijitese, mimi nipo. Hunijibu kwa upole kabisa, "Najua upo, Fundi," na kijiko hanipi.