Mlezi Mwenye Uso Wazi

Katika kituo cha Ebola pale Goma, Clarisse alikuwa ameona macho tu ya wauguzi nyuma ya miwani kwa siku mbili, mpaka mlezi mmoja alipokuja kumchukua mtoto wake ili atengwe naye. Mlezi aliingia uso wazi, akivumisha wimbo usio na maneno, na kila mara alijigusa shingoni penye mshipa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Clarisse alimkumbatia mtoto, akamkazia macho mlezi.

“Wewe mama, si walikulilia msiba kule mtaani Kyeshero?”

“Siku mbili nzima. Hata shimo walichimba. Niliporudi toka hapa nimepona, wakanikimbia.”

“Na huu ugonjwa huuogopi?”

“Damu yangu ilipigana nao, ikashika sura yake. Ugonjwa ukibisha tena, inaamka mbele ya mimi kujua.” Akajigusa shingoni. “Lete mutoto. Yeye bado muzima.”

Mtoto, aliyekuwa akilia tangu asubuhi kila alipoona nguo nyeupe, aliutazama ule uso, akanyamaza ghafla. Clarisse akamwachia. Wimbo ulififia nyuma ya ukuta wa plastiki. Akabaki na homa yake, akaweka vidole shingoni, akasikiliza kama damu yake nayo imeanza kujifunza.