Mgomba wa shangazi

Leo karantini imenifuata hadi nyumbani.

Asubuhi bandarini Bukoba, ninakokagua mimea, nilizuia miche ya migomba ya mama mmoja kutoka Uganda, isubiri vipimo vya virusi. Alinisihi sana. Nikamwambia ni sheria.

Jioni nafika kwetu Kaagya, mama ananionyesha mgomba mchanga kibanjani, kwenye migomba yetu nyuma ya nyumba.

"Shangazi yako kauleta kutoka Masaka. Aliufunga kwenye kitenge, wenzako wa mpakani wasiuone."

Majani yamebanana juu kama ufagio. Dalili za virusi vile vile, nazijua.

Nimeshika jembe, nimeliweka, nimelishika tena. Kwetu mgomba wa zawadi haung'olewi.

Mama akaniangalia. "Ng'oa. Ila shangazi utampigia wewe."

Nimeng'oa.

Simu naishika na kuiweka. Yule wa bandarini nilimwambia ni sheria. Shangazi nimwambieje?