Robo Mzunguko ya Mzee Kaza

Kiwanda kizima cha sabuni kilimwita Mzee Kaza, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili alifungua na kufunga vali za mafuta, na hakuwahi kufunga hata moja bila kuiongezea robo mzunguko, mishipa ya shingo ikimtoka. Hata nyumbani, akishafunga bomba la jikoni yeye, mkewe humwita jirani aje kulifungua.

Basi zikaletwa vali za umeme. Kila moja ina mota yake; mhandisi, binti aliyezoea kumwita Mzee Kaza baba, anabonyeza kitufe katika chumba cha mitambo, na huko nje vali inajifunga. Mzee Kaza alizitazama kwa jicho la mke mwenza. Meneja alishatangaza kwamba zikifaulu majaribio ya wiki moja, wafunga vali waende nyumbani.

Siku ya kwanza vali ya tanki kubwa ilijifunga kimyakimya. Kimya hicho kikamkera. Vali gani inafungwa bila mtu kutoka jasho? Ubavuni ilikuwa na usukani mdogo wa mkono, wa dharura. Akaangaza macho huku na huku, akaongeza robo yake.

Kesho yake mhandisi akabonyeza ifunguke. Mota ikaguna, ikajizima. Akabonyeza tena, ikaguna, ikajizima. Nyaya zikakaguliwa, fyuzi zikabadilishwa, kitabu cha maelekezo kikasomwa hadi kurasa za lugha asiyoijua mtu. Siku tatu nzima Mzee Kaza alipitapita hapo na ndoo tupu, akijifanya ana safari.

Siku ya nne meneja uvumilivu ukamwishia. "Mhandisi, fungasha vyuma vyako, na barua yako utaikuta mezani. Mota zenyewe dhaifu hizi!"

Mzee Kaza angenyamaza tu, kazi yake ingepona. Lakini alimwona yule binti akifunga kitabu huku midomo ikimtetemeka, na aibu ikamshika. Na tuseme kweli, lile neno "dhaifu" nalo lilimuuma. Mota itukanwe, na mkono wake usitajwe hata kidogo?

"Si dhaifu, bosi," akasema. "Nimeikaza mimi."

Akashika usukani, akajitutumua, vali ikalia kwii, ikaachia. Mhandisi akabonyeza. Ikafunguka, ikajifunga, ikafunguka.

"Uliikaza kiasi gani?" meneja akauliza.

"Robo tu."

Mhandisi alimkodolea macho, kisha akacheka hadi akashika ukuta. Ni yeye aliyemwombea abaki, abonyeze vitufe. "Ila kwa kidole kimoja, baba. Gusa tu." Siku yake ya kwanza, kufika saa nne asubuhi, kitufe cha kwanza kilikuwa kimezama moja kwa moja. Kikaagizwa kingine.

Alifundishwa kugusa mwezi mzima. Jioni moja akanawa mikono jikoni, akafunga bomba, akaenda kukaa. Mkewe akaja na sufuria, akalijaribu bomba kwa mazoea tu kabla ya kumwita jirani. Maji yakatoka.

Akaiweka sufuria chini, akamfuata mumewe sebuleni, akamshika paji la uso.

"Baba watoto, unaumwa?"